Masisi na Walikale: saa ya mama inatoka wapi?

Katika vijiji vya Masisi na Walikale kuna wamama wanaoshona swetere za watoto, wanaosuka vitunga na mikeka, wanaotarizi vitambaa vya meza, wanaotunga nyimbo za korali na wanaosimulia hadithi jioni. Hao hao njo wanaolima, wanaochota maji, wanaotafuta kuni, wanaotwanga sombe na kunyonyesha. Maelezo haya yanaonyesha namna kazi hizo zote zinapata nafasi ndani ya siku moja, kitu gani kinasaidia, kitu gani kinavunja, na nani analipa.

Neno moja mbele ya kuendelea. Watu wa mjini wanapenda kusema kwamba mama afanye kazi ya sanaa "wakati wake wa bure". Kwa mama wa Nyabiondo ao wa Mubi, wakati wa bure hauko. Kuna dakika zinazobaki katikati ya kazi mbili, na kuna mtu mwingine aliyekubali (ao aliyelazimishwa) kubeba sehemu ya kazi. Karibu kila kitunga na kila swetere inayouzishwa sokoni ilitoka kwenye moja ya njia hizo.

Siku ya mama, mlimani na porini

Masisi ni milima. Vijiji vingi viko kwenye urefu unaopita mita 1 500, na asubuhi kuna ukungu na baridi ya kweli. Mama anaamka mbele ya jogoo la pili, anawasha moto, anatuma mtoto mwenye bidoni kwenye maji ao anaenda yeye mwenyewe, anapasha chakula kilichobaki jana, anaandaa wale wanaoenda masomo, kisha anakamata jembe. Shamba mara nyingi haliko karibu na nyumba. Katika Masisi ardhi kubwa imeshikwa na konsesio za ng'ombe tangu miaka mingi, na familia nyingi zinakodi kipande cha udongo ao zinakilipa kwa siku za kazi. Mwenye kukodi hachagui pahali. Kwa hiyo mama anapanda mlima na kushuka, mtoto mgongoni, na akirudi kuna mzigo wa kuni ao wa viazi juu yake.

Walikale ni habari nyingine. Ni teritwari kubwa kuliko zote za Kivu ya Kaskazini, zaidi ya kilomita 23 000 za mraba, na sehemu kubwa ni pori na joto. Huko kazi inayokula saa ni muhogo. Muhogo mchungu haupikwi hivi hivi: unachimbwa, unabebwa, unamenywa, unaloweshwa siku kadhaa, unaanikwa, kisha unatwangwa ao unapelekwa kwenye mashine. Mvua ikinyesha siku ya kuanika, kazi inarudi nyuma. Kuongeza mawese: kukata ngazi, kupika, kukamua. Lakini muhogo uko na kitu kimoja kizuri kwa mada hii: unamlazimisha mama kungoja. Unga uko juani, kuku wanafukuzwa, mvua inachungwa, na mikono haina kazi. Pahali pengi mkeka unasukwa hapo, pembeni ya muhogo unaokauka.

Majira nayo yanahesabika. Majira A ya kilimo yanaanza karibu mwezi wa 9, majira B karibu mwezi wa 2. Wakati wa kupanda na wakati wa kupalilia, sindano inalala ndani ya kikapu. Hakuna mama anayeigusa isipokuwa siku ya Mungu kisha misa ao ibada. Mvua ikipungua, mwezi wa 7 na wa 8, kazi ya mikono inafufuka: ndoa ni nyingi, watu wanatafuta vitambaa na zawadi, na shamba linaomba kidogo. Mama anayepanga kuuzisha swetere anajua hiyo kalenda kuliko mtu yeyote. Shida ni kwamba baridi kali, ile inayofanya watu wanunue, haifuati kalenda yake.

Hii haiko hali ya Kivu peke yake. Mwaka 2018 Shirika la Kazi la Kimataifa lilihesabu kwamba, duniani kote, mwanamke anatumia kwa wastani saa 4 na dakika 25 kila siku kwa kazi za nyumba na za kutunza watu ambazo hazilipwi. Mwanaume saa 1 na dakika 23. Na mwaka 2016 UNICEF ilisema wanawake na wasichana wa dunia wanapoteza saa milioni 200 kila siku kwa kuchota maji tu. Hizo ni hesabu za wastani, zinachanganya nyumba yenye robinet na nyumba ya mlimani. Mama wa Masisi anayeshuka bondeni mara tatu kwa bidoni ya litri 20 anaweza kukisia yeye yuko upande gani wa wastani huo.

Kazi inayoachwa na kurudiwa

Ukiangalia vizuri sanaa ambazo wamama wanashikilia, utaona haziko za bahati. Kuna kazi ambazo mtoto akilia unaweza kuziacha katikati bila hasara: kufuma kwa sindano, kroshe, kusuka kitunga, kusuka mkeka, kutarizi. Unaweka chini, unanyonyesha, unarudi, mstari uko pale pale. Kuna nyingine hazikubali. Chungu cha udongo kikiachwa katikati kinakauka vibaya na kupasuka. Mkate ulio kwenye moto haungoji. Cherehani inaachwa, ndiyo, lakini haibebwi shambani, na mtoto mdogo akibaki karibu nayo, vidole vyake viko hatarini.

Kwa hiyo mama anayetaka kuanza anaweza kujiuliza mambo matatu kuhusu kazi anayoitamani. Inaweza kuachwa katikati? Inaweza kufanywa bila kuikazia macho, gizani kidogo, huku anaongea na watu? Inaingia ndani ya mfuko? Kroshe inajibu ndiyo mara tatu: uzi mmoja na sindano moja ya ndoano, basi. Ndiyo maana unaiona kila pahali, kwenye mstari wa kituo cha afya, kwenye mkutano, sokoni siku wateja hawako. Kitunga kinajibu ndiyo mara mbili na nusu. Kikianza kuwa kikubwa hakibebeki tena.

Nchini Kenya, wamama wa Kikamba wanajulikana kwa kiondo, kile kikapu cha mkonge. Wengi wanasokota kamba juu ya paja na kusuka wakiwa wanatembea kwenda sokoni ao kwenye maji. Kilomita zile zile ambazo zingekuwa hasara zinatoa kikapu. Wamama wa Kivu nao wanabeba mzigo kwa kamba inayopita kwenye paji la uso, na kwa kubeba hivyo mikono inaweza kubaki huru. Lakini njia ya Kikamba haifai kuigwa kila pahali: mlima wa Masisi kisha mvua unateleza, na mama mwenye kilo thelathini za kuni anahitaji fimbo mkononi zaidi ya sindano.

Na kuna sanaa ambayo haiombi mkono hata mmoja: wimbo. Kutwanga kuna mapigo yake, jembe liko na mapigo yake, na sauti inapanda juu ya hayo. Nyimbo nyingi za korali za wamama, kwenye parokia za Kikatoliki kama kwenye makanisa ya CBCA, zinatafutwa hivyo: mstari mmoja shambani siku ya kwanza, mwingine kwenye maji siku ya tatu, na siku ya posho jioni, kwenye mazoezi, wenzake wanaongeza sauti ya pili. Kihunde, Kinyanga, Kinyarwanda, Kitembo, Kiswahili, yote yanaingia. Mara nyingi huwezi kusema nani alitunga. Jambo hilo linarudi chini kidogo, juu lina matokeo yake.

Mfano unaojulikana kwenye pwani ya Waswahili ni Siti binti Saad wa Zanzibar. Kabla ya kuwa mwimbaji mkubwa wa taarabu aliyerekodiwa kule Bombay mwaka 1928, alikuwa binti wa familia maskini ya Fumba iliyofinyanga vyungu, naye alitembeza vyungu hivyo akiviuza kwa kuviimbia. Mwalimu wake wa kwanza alikuwa kazi. Yeye alitoka kijijini akaenda mjini, na huko akapata watu wa kumfundisha muziki. Wamama wengi wenye sauti kama hiyo hawatoki, na biashara yao inabaki biashara ya vyungu.

Mwujiza wa kwanza wa Mwindo

Wanyanga wa Walikale wana utenzi mkubwa unaojulikana dunia nzima, ule wa shujaa Mwindo. Bingwa Shekarisi Candi Rureke aliusimulia mwaka 1956, akiimba, akicheza na kuigiza, kwa siku kumi na mbili. Daniel Biebuyck na mwanaisimu Mkongo Kahombo Mateene waliuandika, ukachapwa kwa Kinyanga na Kiingereza mwaka 1969 katika chapa ya Chuo Kikuu cha California. Watu wanakumbuka vita vya Mwindo na baba yake Shemwindo, safari ya chini ya ardhi, fimbo yake ya mkia. Wachache wanakumbuka mwujiza wake wa kwanza kabisa. Mama yake ana mimba, mimba inachelewa kupita kiasi, na vitu vinaanza kutokea nyumbani: kuni zinafika zenyewe mlangoni, mtungi unaenda wenyewe kujaa maji, mboga zinakuja zenyewe. Ni mtoto, angali tumboni, anayefanya hayo.

Kuni, maji, mboga. Kati ya maajabu yote ambayo wasimulizi wa Kinyanga wangeweza kuyatia hapo (na hawakukosa mawazo, Mwindo anazaliwa akitembea na akiongea) waliona ajabu ya kutosha ni mama kuondolewa hizo kazi tatu. Waliojua maisha ya kijiji walielewa mara moja ukubwa wa mwujiza huo.

Inafaa kukumbuka pia kwamba mabingwa wa utenzi huo walikuwa wanaume. Kusimulia siku kumi na mbili kunaomba mtu ambaye hakuna anayemwuliza chakula cha jioni. Hadithi fupi za usiku, zile za wanyama na za vitendawili, zilibaki mikononi mwa kila mtu, na wamama na wanyanya wamezitunza sana, juu zinaisha mbele ya sufuria kuiva.

Saa hiyo inatoka kwa nani?

Hapa ndipo pagumu. Mara nyingi, mama akipata saa mbili za kushona, mtu amezitoa. Nyumbani mwingi, mtu huyo ni binti wa kwanza. Yeye njo anabeba mtoto, anaosha vyombo, anarudi kwenye maji. Tangu mwezi wa 9 mwaka 2019 masomo ya msingi kwenye shule za serikali yalitangazwa kuwa bure, na wasichana wengi walioketi nyumbani waliingia darasani. Hilo lilikuwa jambo jema, na lilichukua pia mikono kutoka jikoni. Kuna nyumba zilizojipanga upya. Kuna nyingine ambako binti anafika shuleni amechelewa kila siku ya soko, na mwisho wa mwaka anarudia darasa, na kila mtu anashangaa.

Kikundi cha kushona kinachosifiwa kwa kuinua wamama kinafaa kuulizwa swali hili bila haya: wakati mama yuko hapa, nani yuko nyumbani, na ana miaka ngapi? Vikundi vinavyojibu vizuri vinafanya mambo mepesi. Vinakutana saa ambayo watoto wako masomo, si jioni. Ao wamama wawili wanabaki na watoto wote kwa zamu huku wengine wanafanya kazi, wiki ijayo wawili wengine. Nyanya asiyeweza tena kulima, lakini ana macho na masikio, anaombwa kukaa na wadogo na anapewa sehemu yake kwenye faida. Hiyo ya mwisho inasahauliwa sana, sehemu ya nyanya.

Mtu wa pili anayeweza kutoa saa ni baba. Wengi wanasema desturi haikubali. Desturi ni kitu kikubwa, lakini inabadilika pahali inapotaka: baba anayesukuma tshukudu yenye magunia kwenda Sake haoni aibu kubeba bidoni mbili za maji juu ya mzigo, juu ni tshukudu. Akizibeba mkononi kutoka mtoni, watu wanacheka. Basi aibu haiko ndani ya maji. Mjini Goma, Living Peace Institute imekuwa ikikutanisha wanaume kwa vikundi, wiki baada ya wiki, kuongea juu ya vita, hasira, pombe, pesa na kazi za nyumba. Kazi kama hiyo inaenda polepole, na mwanaume wa kwanza kijijini kuonekana akifua ni mtu shujaa.

Upande wa sheria, jambo moja linafaa kujulikana hadi kijiji cha mwisho. Sheria ya familia ya mwaka 1987 ilimtaka mke aliyeolewa apate ruhusa ya bwana kwa matendo mengi ya kisheria. Sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016 iliiondoa hiyo ruhusa. Mama anayetaka kufungua akiba, kusaini mkataba wa kuuzisha vitunga ao kukodi kijumba cha kazi hatakiwi tena na sheria kuleta barua ya bwana. Ofisini bado kuna mtu atakayeiomba. Mazoea ni magumu kufa. Kuijua tarehe na namba ya sheria kunasaidia mbele ya mtu kama huyo. Kupatana nyumbani kunabaki bora, lakini kupatana si ruhusa.

Vita inaiba pia saa

Hakuna mtu wa Masisi ao Walikale anayehitaji kuelezwa vita. Rubaya ilishikwa na M23 mwaka 2024, Masisi-kati mwanzo wa mwezi wa 1 mwaka 2025, na Walikale-kati ilishikwa mwezi wa 3 mwaka huo, kisha wapiganaji wakaondoka mwanzo wa mwezi wa 4. Kabla ya hapo, kwa miaka mingi, kulikuwa na makundi mengine na majina mengine. Kila mara mama anakimbia na vitu ambavyo kichwa na mgongo vinaweza kubeba. Mtoto, sufuria, kitenge, unga. Cherehani haikimbii. Kwa hiyo uzito wa chombo, ambao watu wa mipango hawauhesabu, ni hesabu ya maisha: mama aliyejifunza kroshe anafika kambini na kazi yake kichwani na sindano ndani ya nguo, mama aliyekopa cherehani anafika na deni tu.

Katika kambi za pembeni ya Goma (Bulengo, Lushagala, Rusayo, Kanyaruchinya) wamama waliotoka Masisi walisuka vitunga na kuviuzisha kwa bei ndogo, kwa ajili ya chumvi na sabuni. Ilikuwa kazi ya mikono, ndiyo, lakini ilikuwa pia njia ya kutokwenda porini. Mwaka 2023 Madaktari Wasio na Mipaka walisema kwamba katika wiki mbili tu za mwezi wa 4 walipokea kambini wanawake zaidi ya 600 waliotendewa ukatili wa kingono, wengi wakiwa wametoka kutafuta kuni ao chakula. Mama aliyeweza kununua makala kwa faida ya kitunga alinunua siku moja ya usalama. Mwezi wa 2 mwaka 2025 kambi hizo zilifungwa, na wengi walirudi vijijini kukuta nyumba bila paa na shamba bila mbegu. Kikundi kilichokuwa kimezoeana kambini kilitawanyika pande zote za milima.

Kuna kazi moja ya zamani inayofaa kutajwa hapa. Hospitali ya HEAL Africa ya Goma, iliyoanzishwa na daktari Jo Lusi na bibi yake Lyn, iliona kwamba wagonjwa wa fistula wanangoja miezi kabla na kisha upasuaji, wengi wametoka vijiji vya mbali. Ikaanzisha Healing Arts, pahali pa kujifunza kushona, kusuka na kusoma wakati wa kungoja. Kwa wamama wengi ilikuwa mara ya kwanza maishani kuwa na siku nzima bila jembe. Ni uchungu kusema kwamba ugonjwa njo uliowapa hiyo nafasi.

Pesa, uzi na sanduku la kufuli tatu

Uzi ni tatizo. Barabara ya Goma–Masisi inakatika, na Walikale imezoea kupokea vitu kwa pikipiki ao kwa ndege ndogo zilizokuwa zikitua kwenye barabara ya lami kule Kilambo. Kila kitu kinachosafiri hivyo kinapanda bei. Ndiyo maana Walikale inafuata pori: majani ya mitende, kamba za miti, kekele. Ni vya bure, ukitoa saa ya kuvitafuta, na saa hiyo haiko ya bure hata kidogo. Masisi, kwa baridi yake, inafuata uzi wa sufu, na wamama wengi wanafumua swetere nzee za mtumba, wanaosha uzi, wanaukunja upya. Uzi wa mtumba unakatika zaidi, lakini bei yake inaacha faida.

Kosa linaloonekana sana ni kuuzisha bila kuhesabu saa. Tuseme, kwa mfano tu, swetere ya mtoto imekula uzi wa franka 6 000 na mama anaiuzisha 9 000. Watu watasema alipata 3 000. Lakini kama ilimchukua saa kumi na tano, amejilipa franka 200 kwa saa, na labda siku moja ya kulima kwa mtu ingemlipa vizuri zaidi. Hii haisemi aache. Inasema apandishe bei, ao afume kofia badala ya swetere, juu kofia inaisha haraka na inakula uzi kidogo. Na kama anafuma kwa furaha ya moyo, hiyo ni haki yake, lakini ajue ni furaha na asiidanganye kuwa biashara.

Kwa akiba, wamama wengi wako tayari ndani ya likirimba ao ndani ya AVEC. Tofauti yao ni hii: kwenye likirimba kila mtu anatoa na mmoja anakamata yote kwa zamu, kwenye AVEC watu kama 15 hadi 25 wananunua hisa kila wiki, wanakopeshana kwa faida ndogo, na kisha miezi 9 hadi 12 wanagawana. Njia hiyo ilianzia Niger mwaka 1991, na wanawake, kwa msaada wa shirika la CARE. Sanduku lina kufuli tatu na funguo zinakaa kwa watu watatu. Kwa mshonaji, AVEC inafaa zaidi kwa kununua uzi mwingi mbele ya msimu wa ndoa. Na kuna faida isiyoandikwa kwenye kitabu cha hesabu: mkutano wa AVEC ni saa moja na nusu kila wiki ambayo mume, mama-mkwe na jirani wote wanaikubali. Wamama wamekaa, wanasikiliza hesabu, na mikono inafuma. Ni mojawapo ya pahali pachache ambapo mama mdogo anajifunza mshono mpya bila kulipa mwalimu.

Vitu vinavyoongeza saa kweli

Maneno ya "kupanga siku vizuri" yanasikika sana kwenye mafunzo. Mama anapewa karatasi, anachora siku yake, anaambiwa aamke mapema zaidi. Saa ngapi tena? Siku ya mama huyo imepangwa tayari kuliko siku ya mtu aliyeleta karatasi. Kinachoongeza saa ni kitu kinachoondoa kazi.

Mashine ya kusaga karibu ni ya kwanza. Kijiji kilichopata mashine kinapata jioni zake. Chanzo cha maji kilichojengwa vizuri, hata kama hakina bomba nyumbani, kinapunguza mstari na safari. Salongo moja ya kusafisha njia ya maji inawapa wamama wote dakika kila siku kwa miezi. Ni ajabu namna salongo inaenda mara nyingi kwanza kwenye barabara ya magari.

Moto nao. Mbabula iliyoboreshwa ao jiko la udongo lililofunikwa vizuri linakula kuni kidogo kuliko mafiga matatu. Miti iliyopandwa karibu na nyumba, kama grevillea ao mikalitusi kwenye ukingo wa shamba, inaleta kuni karibu kisha miaka michache. Tangu mwaka 2007 mradi wa EcoMakala wa WWF umefuata njia hiyo Kivu ya Kaskazini, kwa wakulima wenyewe kupanda miti ya makala. Mwenye kukodi shamba lakini haruhusiwi mara nyingi kupanda mti, juu mti unaonekana kama alama ya kumiliki udongo. Basi kwake inabaki hila ndogo: maharagi yakiloweshwa usiku kucha, maji yakimwagwa na kuwekwa mengine, yanaiva haraka zaidi. Hiyo ni nusu saa ya moto ao zaidi, bila shirika lolote, bila mkutano.

Wimbo ni wa nani

Simu imeleta kitu kipya. Mama anayepata mstari wa wimbo shambani anaweza kuurekodi hapo hapo, jembe begani, mbele haujapotea. Korali nyingi zinafanya hivyo sasa. Lakini sauti hiyo inatembea kwa kadi ya kumbukumbu na kwa WhatsApp, na kisha miezi inasikika kwenye harusi ya Kitchanga ikiimbwa na mtu mwingine, aliyeweka kinanda na jina lake.

Sheria ya Kongo ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda kazi za watunzi, na wimbo wa mama wa kijijini ni kazi ya mtunzi kama wimbo wa Kinshasa. Shirika la haki za watunzi linaitwa SOCODA, lilianza mwaka 2011. Njia ya kufika huko ni ndefu kwa mtu wa Pinga. Kilicho karibu ni rahisi zaidi: mbele ya kuimba, sema kwenye rekodi jina lako, jina la kijiji, tarehe, na majina ya waliosaidia. Acha nakala moja mahali pasipokimbia vita peke yake: kwa ndugu wa mji mwingine, parokiani, redioni. Kikundi kikitunga pamoja, daftari moja iandikwe nani alileta maneno na nani alileta sauti.

Kwa nyimbo za wanyanya, zile za kubembeleza mtoto kwa Kihunde ao Kinyanga, kazi ni ya haraka zaidi, na wanaoifaa ni wale wasichana walio na simu na wanajua kuandika. Nyanya anaimba kwa urahisi saa ya kumenya maharagi. Akiketishwa kwenye kiti mbele ya watu wazima na kuambiwa "imba", anasahau.